Nani Kakata Picha?

Ukumbi wa video una kanuni zake. Kasongo au Kabambare, huko Maniema, Kongo, ambako sinema huwa ni televisheni moja, mabenchi machache na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta, filamu ya mapigano ikianza na mikanda miwili myeusi ikajitokeza juu na chini ya picha, hakosi mtu wa kulalamika. Amelipa, anataka televisheni ijae. Mwenye ukumbi huchukua rimoti, hubonyeza kitufe cha ukubwa mara mbili tatu, mikanda ikatoweka na minong'ono ikaisha. Dakika chache baadaye shujaa anarusha teke upande wa kulia, mtu anasikika akianguka, lakini haonekani. Yuko nje ya televisheni.

Ile mikanda myeusi haikuwa imefunika kitu. Ni nafasi iliyobaki wazi kwa sababu umbo la filamu na umbo la televisheni hayalingani. Aliyekata picha ni aliyeshika rimoti, na wala hana kosa kubwa, maana watengenezaji wa televisheni ndio waliomwekea kitufe hicho bila kumwambia kinafanya nini.

Umbo la picha ya sinema hutajwa kwa namba moja: upana ukigawanywa kwa kimo. Picha yenye upana wa mita nne na kimo cha mita tatu ni 4:3, au 1.33. Kanga, ambayo kwa kawaida huwa na sentimita 150 hivi kwa 110, haiko mbali na umbo hilo. Doti nzima ambayo bado haijakatwa, kanga mbili zikiwa zimeshikana ubavu kwa ubavu, inakaribia 2.76, ambalo ndilo umbo la Ben-Hur ya mwaka 1959, mojawapo ya filamu pana kupita zote zilizowahi kutoka Hollywood. Kati ya kanga moja na doti ndimo zinamokaa karibu filamu zote ambazo msomaji amewahi kuziona.

Televisheni ya leo iko katikati. Umbo lake ni 16:9, yaani 1.78. Chukua ya inchi 32, ile inayopatikana madukani kwa wingi: kioo chake kina upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40 hivi. Filamu ya umbo la 2.39 ikienea upana wote huo itahitaji kimo cha sentimita 30 tu. Sentimita kumi zinabaki, tano juu na tano chini. Ukizifuta kwa kuikuza picha mpaka ijae, robo ya picha inaondoka pembeni. Filamu ya zamani ya 4:3 ina shida ya upande wa pili: ikienea kimo chote itabakiza sentimita tisa nyeusi kila ubavu, na hapo rimoti hufanya kosa jingine, la kuivuta picha kama mpira mpaka nyuso zinanenepa na magurudumu yanakuwa mayai.

Namba ya kwanza, 1.33, ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1890. William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison, alichukua ukanda wa filamu wenye upana wa milimita 35 akautoboa matundu kandokando ili meno ya mashine yaweze kuuvuta. Kila picha ilipewa kimo cha matundu manne, na nafasi iliyosalia kati ya matundu ya kushoto na ya kulia ndiyo ikawa upana wake. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, njia ya sauti ilimega ubavu mmoja wa ukanda na picha ikakaribia kuwa mraba. Mwaka 1932 Akademi ya Hollywood ikapunguza kimo kidogo ili kurudisha sura ya zamani, na kipimo cha 1.37 kikawa desturi. Kwa miaka ishirini iliyofuata, karibu kila aliyebeba kamera ya sinema, awe Paris, Bombay au Léopoldville, Kinshasa ya leo, alibeba umbo hilo.

Na umbo hilo ndilo lililofika kwenye maji ya Lualaba mwaka 1951. Msafiri anayeteremka na mto kutoka Nyangwe hupita Kindu, kisha hufika Ubundu, enzi hizo ikiitwa Ponthierville, ambapo maporomoko humlazimu kuacha chombo na kushika njia ya nchi kavu kwenda Kisangani. Jirani na hapo, Biondo, kando ya mto Ruiki unaoingia Lualaba, mwongozaji John Huston alipiga kambi na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kutengeneza The African Queen. Hadithi yenyewe, kutoka riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo mto wa Kongo uliigizishwa kuwa mto wa Tanganyika, na baadaye kundi likahamia Uganda kwa sehemu nyingine za safari hiyohiyo. Mashua ilizama Ruiki ikabidi iopolewe. Uganda karibu kila mtu aliugua tumbo, isipokuwa Bogart na Huston, ambao walidai kwamba dawa yao ilikuwa wiski.

Kamera ya Technicolor aliyokuwa nayo mpigapicha Jack Cardiff ilikuwa dude zito, ikivuta kanda tatu za filamu kwa wakati mmoja, kila ukanda kwa rangi yake. Alichokifanya nayo ndani ya 1.37 kinafaa kutazamwa kwa makini. Mashua ni ndogo. Mmoja amesimama kwenye boila, mwingine ameketi nyuma kwenye usukani. Vichwa vyao viko katika vimo viwili tofauti, bomba la moshi linapanda kati yao, na juu ya yote kuna miti. Ni picha inayotaka kimo. Ingepigwa pana, wahusika wangebaki katikati, na kila upande kungekuwa na maji yasiyosema kitu. Nakala iliyokarabatiwa na kutolewa mwaka 2010 imehifadhi umbo hilo. Anayeitazama kwenye televisheni ya leo anapaswa kuona weusi kushoto na kulia. Asipouona, Bogart ama amenenepeshwa, ama amepunguzwa utosi na miguu.

Miaka miwili baada ya The African Queen mambo yalibadilika kwa kishindo. Katikati ya 1953 kampuni ya 20th Century-Fox ilitoa White Witch Doctor, hadithi ya Kongo ya Wabelgiji, kwa umbo la zamani. Septemba mwaka huohuo ikatoa The Robe, filamu ya kwanza ya CinemaScope, mfumo wake mpya wa picha pana, na ghafla kila kilichopigwa kabla yake kilionekana chembamba. Mogambo ya John Ford, iliyopigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo ya Wafaransa, ilitoka Oktoba, wiki chache tu baada ya The Robe, nayo ikiwa bado na vazi la jana.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa televisheni. Wamarekani walikuwa wameanza kukaa nyumbani, na wenye sinema walitafuta kitu ambacho sanduku dogo la sebuleni lisingeweza kukitoa. Tarehe 30 Septemba 1952 New York iliona Cinerama: projekta tatu zikirusha picha tatu bega kwa bega kwenye skrini iliyopinda. Watu walipiga mayowe, ingawa mishono kati ya picha na picha ilionekana wazi, na gharama ilikuwa ya kuogofya. Miezi miwili baadaye ikaja Bwana Devil, iliyotazamwa kwa miwani maalumu ili vitu vionekane kutokeza nje ya skrini. Jina la filamu halidanganyi: ni kisa cha simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Ndiyo filamu iliyoanzisha homa ya sinema ya miwani huko Marekani, na homa yenyewe ilipoa upesi. Miwani ilichosha.

Fox walikuja na njia nyepesi, na hawakuibuni wao. Mfaransa Henri Chrétien, mtaalamu wa nyota na vioo, alikuwa ametengeneza lenzi ya ajabu tangu miaka ya 1920, ikakosa soko na kusahaulika. Lenzi hiyo inabana picha kwa upana tu, nusu kwa nusu, bila kugusa kimo. Mandhari pana inaingia kwenye ukanda uleule wa milimita 35. Ukiuinua ukanda wa CinemaScope mbele ya taa unaona watu wembamba, warefu, farasi wenye miguu ya korongo. Ndani ya ukumbi, projekta huvishwa lenzi ya pili inayofanya kinyume, ikawatanua wote warudi kama walivyoumbwa. Mwenye sinema hakuhitaji projekta tatu: lenzi moja, skrini mpya, na spika za kuongeza.

Kwa kuwa spika hizo zilitaka sauti ya sumaku, ile njia ya zamani ya sauti iliondolewa kwenye ukanda na picha ya kwanza ya CinemaScope ikafikia 2.55. Wenye sinema wengi walikataa kulipia mitambo ya sumaku, sauti ya zamani ikarudi mahali pake, picha ikapungua hadi 2.35. Mwaka 1970 wahandisi wa Marekani wakapunguza kimo kidogo tena ili viungo vya ukanda visionekane kwenye skrini, ndipo 2.39 ikapatikana. Mafundi wengi bado husema 2.35 kwa mazoea huku wakimaanisha 2.39.

Afrika Mashariki haikusubiri muda mrefu. Mwaka 1956 kampuni ya Waingereza ya Warwick ilitoa filamu mbili za CinemaScope zilizopigwa Kenya, Safari na Odongo. Hadithi zake zimezeeka vibaya, lakini mbuga zinatoa ushahidi kwamba umbo hilo lilikuwa limepata mahali pake: upeo wa macho ulionyooka, kundi la wanyama linalopita kutoka pembe hadi pembe, wingu refu. Nyika imelala chali, na picha pana hulala nayo.

Msitu je? Msitu umesimama. Swali hilo lilijibiwa Kongo mashariki, na Wabelgiji wenyewe. Taasisi ya kisayansi iliyokuwa chini ya Leopold III, mfalme aliyekuwa ameshajiuzulu, ilituma wapigapicha wakiongozwa na Heinz Sielmann na Henry Brandt kutengeneza Les Seigneurs de la forêt, yaani mabwana wa msitu, iliyotoka mwaka 1958. Ni filamu ya maisha halisi, ya rangi, ya CinemaScope, na Fox waliisambaza duniani. Nakala ya Kiingereza ilisimuliwa na Orson Welles na William Warfield. Sokwe wakubwa wa milimani wamo, wakipigwa picha mahali walipoishi, wakati ambapo watu wachache sana walikuwa wamewahi kuwaona. Ndani ya upana ule msitu haukuonekana kama miti mirefu, ulionekana kama ukuta usio na mwisho, na mnyama akatokeza pembeni mwa ukuta huo badala ya katikati. Ni uamuzi mzuri wa macho.

Lakini upana hauhakikishi kwamba mengi yameonyeshwa. Filamu hiyo iliwaonyesha Wakongo kama sehemu ya mimea na wanyama. Miji, migodi, vyama na magazeti vilibaki nje ya fremu. Januari 1959 Léopoldville ililipuka kwa maandamano, na mwaka uliofuata nchi ikawa huru. Mtazamaji aliyekuwa ameiona Kongo kwa 2.35 tu angeshangaa watu wale wametoka wapi.

Wakongo wenyewe, wakati huo, walionyeshwa Kongo nyingine. Tangu 1945 amri ya serikali ya kikoloni iliwazuia kuangalia filamu ambazo hazikupitishwa kwa ajili yao, na walichokipata kwa wingi ni filamu za wamisionari na za serikali, za milimita 16, zilizosafirishwa na projekta na kuonyeshwa kwenye kitambaa cheupe uwanjani. Vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyotengenezwa Kasai na mapadri wa Scheut katika miaka ya 1950, ni vya kundi hilo. Umbo lake lilikuwa lile la Dickson.

Si kila aliyetaka picha pana alinunua lenzi. Njia ya pili ilikuwa ya bei ya chini: piga filamu kwa njia ya kawaida, kisha kwenye projekta weka bati lenye tundu jembamba linalofunika sehemu ya juu na ya chini. Kinachopita ni 1.85. Ulaya walipenda kufunika kwa upole zaidi, wakabaki na 1.66. Hapa hakuna kilichoongezwa upande wowote. Upana umepatikana kwa kupunguza kimo. Fred Zinnemann alipomleta Audrey Hepburn Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1958 kwa ajili ya The Nun's Story, hadithi ya mtawa muuguzi, alitumia umbo hilo la 1.85. Ukiilinganisha na The African Queen, iliyopigwa juu kidogo ya mto huohuo miaka saba nyuma, unaona jinsi nyuso zilivyosogea karibu, na jinsi mbingu ilivyopungua. Zinnemann alikuwa na hadithi ya uso wa mtu mmoja, na kwake 2.35 ingekuwa shamba lisilolimwa.

Howard Hawks naye alichagua 1.85 kwa Hatari!, iliyopigwa Arusha na Momella, Tanganyika, ikatoka mwaka 1962. Hilo linashangaza kidogo, maana magari yanayokimbiza vifaru na twiga ndiyo kazi hasa ya picha pana. Pengine Hawks alijua kwamba kamera iliyofungwa kwenye gari linalorukaruka haina muda wa kubembeleza lenzi nzito. Njia ya kufunika ina hatari yake pia: mwendesha projekta akikosea bati, juu ya kichwa cha mwigizaji hushuka maikrofoni iliyokuwa imefichwa. Wako watazamaji wanaoamini kwamba mwongozaji ndiye mzembe.

Mwongozaji Fritz Lang, akiigiza nafasi yake mwenyewe katika filamu ya Godard ya mwaka 1963, Le Mépris, anasema kwa kejeli kwamba CinemaScope inafaa kwa nyoka na mazishi tu. Filamu yenyewe ilikuwa pana.

Waitaliano walikata mzizi wa gharama. Kwa mfumo wa Techniscope kila picha ilipewa matundu mawili badala ya manne, kwa hiyo ukanda mmoja ulipiga mara mbili ya muda wake, na umbo likatoka pana bila lenzi ya kubana. The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone, ya mwaka 1966, ni ya jinsi hiyo. Jicho la mtu mmoja linajaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo, kisha ghafla jangwa lote. Vijana wa Kinshasa, ambao tangu miaka ya 1950 walikuwa na magenge yao ya Bills yaliyoiga makauboi wa sinema, hawakuhitaji kuelezwa uzuri wa filamu kama hizo.

Na Wahindi, ambao filamu zao zililisha kumbi za Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa kwa miongo mingi, walipita njia zote mbili. Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, mwaka 1959, ilikuwa ya kwanza ya CinemaScope India. Sholay ya 1975, ambayo wazee wengi wa pwani wanaweza kuisimulia tukio kwa tukio, ilipigwa kwa milimita 35 ya kawaida kisha ikakuzwa hadi milimita 70 kwa ajili ya kumbi kubwa, ikipoteza juu na chini ili ipate upana. Milimita 70 ya kweli, iliyopigwa kwa kamera za ukubwa huo, ni kitu kingine: Lawrence of Arabia ya 1962 ina umbo la 2.20, na ukanda mpana hubeba chembe nyingi za picha hivi kwamba ngamia aliye mbali kabisa bado ni ngamia, wala si doa.

Kisha televisheni ikalipiza kisasi. Kaseti za VHS zilipoenea katika miaka ya 1980, umbo lake lilikuwa 4:3, na wauzaji waliogopa mikanda myeusi kama anavyoiogopa mwenye ukumbi wa Kasongo. Suluhisho lao lilikuwa kumweka fundi achague, tukio kwa tukio, kipande gani cha picha kibaki. Mara nyingine dirisha lake lilisogea kutoka kushoto kwenda kulia katikati ya mazungumzo, mwendo ambao mwongozaji hakuwahi kuupiga. Filamu ya 2.39 ikiingizwa hivyo kwenye 4:3 inabaki na asilimia 56. Enter the Dragon ya Bruce Lee, ya mwaka 1973, ni pana. Pambano la mwisho ndani ya chumba cha vioo lilitungwa kwa ajili ya upana huo, na kizazi kizima cha vibanda vya video, kutoka Nairobi hadi Bukavu, kililijua kwa nusu na kidogo. Bahati nzuri walikuwapo wasimulizi. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya na wenzao wa Uganda walizungumza juu ya filamu mfululizo, na msimulizi hodari aliweza kukueleza hata habari za mtu aliyekatwa.

Mwongozaji Sydney Pollack hakucheka. Televisheni ya Denmark ilipoonyesha filamu yake pana Three Days of the Condor ikiwa imekatwa namna hiyo, alikwenda mahakamani huko Denmark. Katika hukumu iliyotolewa miaka ya 1990 mahakama ilikubali kwamba ukataji huo uliiharibu kazi yake, ingawa televisheni yenyewe haikutiwa hatiani. Pollack huyohuyo ndiye aliyepiga Out of Africa nchini Kenya, iliyotoka mwaka 1985. Vilima vya Ngong, ndege ndogo juu ya flamingo, treni nyikani: ungetegemea 2.39. Ni 1.85, umbo ambalo kaseti ililikata kidogo tu.

Amani ilitafutwa kwa hesabu. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Kerns Powers wa Marekani alichora maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, yote yakiwa na eneo sawa, akayapanga juu ya kituo kimoja. Yote yaliingia ndani ya mstatili mmoja wa nje, na yote yalishiriki mstatili mmoja wa ndani, na mistatili hiyo miwili ilikuwa na umbo moja: karibu 1.77. Ndiyo 16:9. Haikuwa namba ya kawaida ya filamu za sinema. Ilichaguliwa kwa sababu haimpendelei mtu: ya zamani itabakiza weusi ubavuni, ya pana itabakiza weusi juu na chini, na hasara imegawanywa.

Leo filamu nyingi zinafika Maniema ndani ya kadi ya simu, zimepakiwa dukani pamoja na nyimbo. Anayetaka kujua kama ameuziwa filamu nzima hana haja ya kuuliza. Afungue maelezo ya faili asome namba mbili. Ikisema 1920 kwa 800, au 1280 kwa 534, hiyo ni pana na haijaguswa. Ikisema 1920 kwa 1080 huku picha ikiwa imejaa, na filamu inajulikana kuwa ya 2.39, mtu ameikata njiani. Ikisema 640 kwa 480, ni 4:3, ama ya zamani kweli ama mtoto wa kaseti. Kwenye televisheni, chaguo la kutafuta ni lile linaloacha umbo la asili, hata likiitwa majina mbalimbali. Kipimo chake ni kitu chochote cha mviringo. Mpira ukiwa mpira, umefika.

Simu zenyewe zimeongeza mkanganyiko. Tangu mwaka 2017 watengenezaji wamekuwa wakizirefusha, kwanza 18:9, sasa mara nyingi 20:9, yaani 2.22 ikilazwa. Filamu pana hukaa humo vizuri zaidi, karibu bila kubakiza kitu, kuliko inavyokaa kwenye televisheni ya sebuleni. Cinerama ya mfukoni, mtu anaweza kusema, isipokuwa kwamba upana wake ni sentimita kumi na tano.

Tena simu inapiga picha, na hata kamera imekuwa ya mkononi. Mwongozaji Dieudo Hamadi wa Kisangani alipopanda chombo na majeruhi wa vita vya siku sita vya mji huo waliokwenda Kinshasa kudai haki yao, safari aliyoitengenezea En route pour le milliard ya mwaka 2020, alikuwa na kamera mkononi miongoni mwa abiria waliobanana chini ya maturubai. Hakuna kundi la Hollywood wala kambi ya Biondo. Mpigapicha wa harusi Kabambare, au kijana anayerekodi mitumbwi ikivuka Lualaba hapo Nyangwe siku ya soko, ana zana zenye uwezo ambao Cardiff asingeuota, na uamuzi wake wa kwanza ni uleule: aishike simu vipi. Akiisimamisha anapata 9:16, umbo la hadhi ya WhatsApp, linalompenda mtu mmoja aliyesimama. Mto haumo, isipokuwa utepe wa maji nyuma ya mabega. Akiilaza anapata mtumbwi, ng'ambo, na watu wa pande zote mbili. Akiilaza kisha akaamua baadaye kukata iwe ya kusimama, atabaki na chini ya theluthi moja ya alichopiga.

Kuna jambo moja ambalo simu hufanya kimyakimya. Kihisi cha picha ndani ya simu nyingi kina umbo la 4:3, lile la Dickson, ndiyo maana picha za kawaida hutoka hivyo. Mtu anapohama kutoka picha kwenda video, simu hufunika sehemu ya juu na ya chini ili ipate 16:9, kwa njia ileile ya bati la projekta. Inaonekana wazi ukisimama ukingoni na kubadilisha kutoka kimoja kwenda kingine bila kusogea: mbingu inapungua, matope ya miguuni yanapungua, na mto unabaki karibu na upana uleule.